Maganda ya Mayai ya Mama Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, na anayesinzia afinywe.

Hapo zamani za kale palikuwa na Mama Kanga, ndege wa madoadoa, aliyeatamia mayai yake majanini. Siku moja mwewe akamfukuza mbali. Aliporudi siku ya pili, kiotani maganda matupu tu! Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Hondohondo, ndege wa domo kubwa, mwendesha mashtaka wa nyika, alifika mbio, akazoa maganda yote kabla mama hajayagusa, akayatia mfukoni. Jioni hiyohiyo Fungo, mnyama wa usiku afananaye na paka, akakamatwa. Kisa? Ana meno, na hapendwi.

Barazani Hondohondo akainua ganda moja lililopondwa. "Fungo kawala watoto wa watu! Afukuzwe!"

"Afukuzwe!" wanyama wakaitikia. Maskini Fungo! Mkewe alisimama nje na mtoto mgongoni.

Mama Kanga hakumtazama Fungo. Alitaka kitu kimoja tu.

"Bwana Hondohondo, nipe maganda ya wanangu niyazike."

"Ni ushahidi, mama. Kaa chini."

Akakaa. Akainuka tena. "Nipe maganda ya wanangu niyazike."

"Ni ushahidi, mama. Kaa chini."

Akainuka mara ya tatu, machozi yakimdondoka. "Nipe maganda ya wanangu niyazike!"

Jaji Pofu, mnyama wa pembe ndefu (pofu jina tu, macho anayo), akasema, "Mpe mama maganda yake. Yote."

Mfuko ukamwagwa. Mama Kanga akaokota ganda, akalipapasa ukingo. Limekatwa mviringo, tena kutoka ndani. La pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. Akapaza sauti.

"Wanangu hawakuliwa! Wametoboa wenyewe wakatoka! Hondohondo, nawe ni ndege. Ulijua!"

Hondohondo akainamisha domo lake. "Nilijua. Lakini wote mlitaka mwenye kosa."

"Na hilo lililopondwa?" Jaji Pofu akauliza.

"Nililikanyaga mwenyewe."

Jaji Pofu akamfungua Fungo, akamvua Hondohondo cheo, akaweka sheria: anayeshtaki amwage kwanza mfuko wake wote mbele ya watu, hata yale yanayomharibia kesi.

Mama Kanga aliona haya kumkabili Fungo. Lakini Fungo hakungoja kuombwa radhi. "Twende, mama. Pua ninayo."

Akanusa majani, akanusa mawe, akanusa miiba. Chini ya kichaka wakawakuta vifaranga wamekumbatiana, wanatetemeka kwa baridi.

"Mama," wakalia, "mbona umekawia?"

Mama Kanga akawafunika kwa mbawa zake. "Tulikuwa tukitafuta wa kumfukuza, wanangu. Hakuna aliyewatafuta ninyi."

Na hadithi yangu naiacha hapohapo, chini ya mbawa, ipate joto.