Upawa wa Mama Ezelina

Mbwa hajipakulii, muulize mwenye upawa.

Mmenisikia nikimwambia hivyo mjomba wenu Festo asubuhi hii, akanuna, akawasha pikipiki yake akaondoka bila kuaga. Sasa mnaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Kaeni. Msidhani kila methali imetoka kwa mababu. Hii bado changa, na mimi nilikuwepo ilipozaliwa. Mtanivumilia nikipandisha sauti, maana kila nikiisimulia hasira zinanirudia upya.

Miaka ile nilikuwa nauza mboga stendi ya Makambako. Jirani yangu alikuwa Mama Ezelina, mwenye hoteli ya supu na chapati. Supu yake ilikuwa tamu, siwezi kumsingizia. Mlangoni pake alilala mbwa mwekundu aitwaye Komandoo, na jina hilo hakupewa bure. Siku moja kibaka alimpora Mama Ezelina kapu la nyama. Komandoo alimfukuza hadi ng'ambo ya reli, akarudi amelibeba kapu kwa meno, akaliweka miguuni pa mwenye mali. Nyama yote ilikuwemo, hata pande moja hakuligusa. Likumbukeni hilo.

Kwa furaha Mama Ezelina akamwekea upawa mzima wa supu yenye mafuta. Hapo hapakuwa na ubaya, fadhila ni fadhila. Ubaya ulianza abiria mmoja aliposema, "Hoteli ambayo mbwa wake anakula hivi, mtu hatoki na njaa." Mama Ezelina akalisikia neno hilo, likamkaa. Tangu hapo kila sufuria ilipoiva, upawa wa kwanza ulikuwa wa Komandoo, tena mbele za watu, barazani, abiria wakitazama. Mbwa akageuzwa bango la biashara.

Akanenepa. Tumbo likawa linagusa vumbi. Yule aliyevuka reli kwa mbio akawa anapumzika mara mbili kabla ya kufika chini ya meza. Nikamwambia jirani yangu kwa upole kabisa, "Mama Ezelina, huyo mbwa unamlemea."

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Mama Lukelo, wewe mbwa wako mbavu zinahesabika, ndiyo uje unifundishe mimi kufuga?"

Nikarudi kwenye mchicha wangu.

Mwishowe Komandoo akaanza kukoroma hata akiwa macho, na wateja wakalalamika kwamba anawaharibia kula. Hapo ndipo mama akakumbuka kwamba kuna daktari wa mifugo. Dokta Kihwele alikuwa na duka la dawa upande wa pili wa stendi. Alimpima, akasema moyo umeelemewa na mafuta. Akasema zimetoka sindano mpya za kupunguza hamu ya kula, mbwa anadungwa mara moja kwa wiki. "Lakini mama, sindano peke yake haitoshi. Nusu bakuli ya chakula kwa siku, supu basi, na umtembeze."

Mama Ezelina alisikia mpaka kwenye neno sindano. Yaliyofuata yalipita na upepo.

Sindano ikafanya kazi yake. Asubuhi Komandoo akaletewa bakuli, akalinusa, akageuza kichwa. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Lakini basi la Songea lilikuwa limesimama na abiria wameshuka, na kijana mmoja mcheshi akapaza sauti, "Jamani, supu gani hii hata mbwa kaisusia?"

Stendi nzima ikacheka. Abiria kadhaa wakavuka kwenda hoteli ya jirani.

Mama Ezelina hakuondoa bakuli. Alichuchumaa mbele ya mbwa, akamfungua mdomo kwa mkono wa kushoto, akammiminia supu kwa upawa. "Kula, baba," alisema. "Kula wakuone."

Komandoo akameza. Hakuwahi kumkatalia kitu mwanamke yule.

Ikawa hivyo kila siku. Sindano inamwambia aache, upawa unamlazimisha. Akitapika nyuma ya hoteli, wanamwaga majivu juu ya matapishi, kesho tena. Nilisema, nikajibiwa nitazame mboga zangu zisinyauke. Dokta naye alimkanya alipokuja kunywa chai. Akaambiwa apandishe dozi.

Siku ya gulio, hoteli imefurika, Komandoo akaanguka barazani. Dokta aliitwa, akaja mbio, akapiga magoti akaweka sikio kifuani pa mbwa. Mama Ezelina akatoka jikoni na upawa mkononi, anafoka.

"Dawa yako feki! Wiki zote hizi, ona alivyo!"

"Mama, nilikuambia supu basi."

"Supu inahusiana na nini? Dawa si ndiyo ya kumzuia? Huyu mbwa ni mlafi, dokta. Mlafi! Amejiua mwenyewe kwa tumbo lake!"

Mlafi. Mbwa aliyebeba kapu zima la nyama kwa meno yake bila kulionja. Wajukuu zangu, nilihisi damu inapanda mpaka kwenye masikio. Nikaacha mboga zangu, nikaja nikasimama mbele yake.

"Mbwa hajipakulii!" nilisema. "Muulize mwenye upawa! Muulize!"

Watu wote wakautazama upawa ule. Mama Ezelina naye akautazama, ukidondosha mafuta sakafuni. Komandoo aliposikia matone yale alifungua macho, akamwona Mama Ezelina amesimama na upawa, akajikokota apate kuinuka. Alidhani ni zamu yake ya kula. Akafungua mdomo ili amridhishe, na hapo hapo akafa.

Makonda ndio walioyasambaza maneno yangu, yakapanda mabasi yakaenda kila mahali. Mama Ezelina alifunga hoteli kwa kilio kidogo, kisha akafungua. Wiki haijaisha akaleta kitoto cha mbwa, akakiweka pale pale mlangoni, na bakuli la supu mbele yake. Nilikwenda, nikakibeba, nikaondoka nacho. Alitoka na upawa wake, akawaona watu wanavyomwangalia, akarudi jikoni. Ndiye huyo Kiroboto mnayemwona anakimbizana na kuku. Mbavu zake zinahesabika, na hajawahi kuugua.

Sasa njooni kwa mjomba wenu. Leo amemsimamisha mwanawe Ombeni mbele yenu nyote, akamwita pipa, kwa kuwa mtoto alipungukiwa pumzi akicheza. Eti atampeleka mjini adungwe sindano za kukonda. Mtoto wa miaka minane! Na ile soda ya jioni inaletwa na nani? Na zile chipsi kila siku, Ombeni ana pikipiki?

Festo amenuna akidhani nimemwita mwanawe mbwa. Mwanawe sikumgusa hata kidogo. Nilikuwa namsema yeye.

Sikilizeni, hiyo ni pikipiki yake inarudi. Mmoja aende getini atazame mkononi amebeba nini. Kama ni ule mfuko wa chipsi wa kila siku, mwacheni aingie nao, auweke mezani mbele ya mtoto, nami nitamwambia tena usoni pake: mbwa hajipakulii, muulize mwenye upawa.