Mlango wa Maji Kapewa Mtu wa Mkiani

Akina mama, Bwana asifiwe! Aa, hiyo amina imelala, iamsheni. Bwana asifiwe sana! Haya, sasa mmekuja.

Kabla sijafungua kinywa, kila mmoja aweke mkono kifuani. Na wewe mwenye kanga nyekundu, acha kupekua mkoba, peremende haitakimbia. Semeni pamoja nami: "Nitakayoyasikia hapa yatafia hapa." Nimewasikia, na Mungu kawasikia. Maana aliyenipa haya maneno kaniapisha nisimwambie mtu. Na mimi simwambii mtu. Nawaambia ninyi tu! Hahaaa! Chekeni, lakini mikono ibaki kifuani. Majina sitaji. Mkiwajua, mmewajua wenyewe.

Tangu juzi kila nyumba ninayoingia ni redio. Kiongozi mpya katangaza mawaziri wake, basi uji unaungua, mama kasimama na mwiko mkononi: "Wa maji katoka wapi huyu? Wa kwetu mbona hayumo? Huyu si alikuwa upande wa wale?" Hata kwaya jana haikuimba, ilikaa kupanga baraza upya. Nikasema moyoni, acha, kesho nitawapa mfano wakautafune na huo.

Kulikuwa na mfereji mmoja, huku huku milimani kwetu. Juu yake kuna ndiva. Kwa ninyi mlioolewa mkitoka bondeni, ndiva ni bwawa la kuta za udongo. Usiku maji ya kijito yanajikusanya humo, asubuhi mtu anachomoa kizibo cha mgomba, maji yanashuka mferejini shamba kwa shamba, kwa zamu, mpaka kwa mtu wa mwisho kabisa, kule tunakoita mkiani. Mfereji una mwenyekiti wake, lakini yule mshika mlango, anayekifungua na kukifunga kizibo, ndiye mwenye maji. Mwenyekiti ana kofia tu. Mnanielewa?

Sasa chini ya ukuta wa ndiva, shamba la kwanza kabisa, alikaa mama mmoja. Tumwite Mama wa Juu. Uchaguzi ulipofika, mama huyu alimpigia debe mwenyekiti mpya kwa mdomo na kwa sufuria. Makande yake yalizunguka mlima mzima! Na sio kwa mapenzi, jamani. Alitaka mumewe apewe mlango wa maji. Tena alikuwa na hakika mpaka akapanda vitunguu kuzidi shamba lake, akashuka navyo mpaka kile kipande cha mteremko ambacho maji ya zamu yake hayakifikii. Alishahesabu kwamba mume akishika kizibo, nani atauliza? Vile vitunguu vilikuwa roho yake. Mlango ukienda kwingine, vinakauka vikiwa kama jicho la kuku.

Mwenyekiti akashinda. Vigelegele! Siku ya kutaja wasaidizi wake, Mama wa Juu kakaa mbele, kilemba kimesimama kama jogoo.

Mwenyekiti akasema, "Mlango wa maji nampa yule mama wa mkiani."

Weee! Mnamjua mtu wa mkiani? Mwembamba, mdomo wembe, kila kikao ni kulalamika. Na kura hakumpa! Alimwambia usoni, "Mimi sikukupa kura, na ukinitaka nikufiche sitakuficha."

Mama wa Juu akasimama. "Mwenyekiti, umekosea jina?"

"Sikukosea, mama."

"Toka enzi za babu mlango unashikwa na mtu wa juu, aliye karibu na ndiva. Huyu kutoka kwake mpaka pale juu ni safari ya kubeba chakula! Na sisi tuliokesha kwa ajili yako?"

"Mama yangu, nipeni msimu mmoja tu."

"Vitunguu havijui msimu mmoja!" Limemtoka hilo, watu wakacheka, na yeye aibu ikamwingia mpaka kwenye mifupa.

Basi kuanzia hapo hakukuwa na amani. Mashineni ni mlango wa maji. Msibani ni mlango wa maji, marehemu kalala pale watu wanabishana. Wengine wanasema, "Kapewa ili anyamaze." Wengine, "Lazima kuna undugu wa siri." Mume na mke wanapeana migongo. Na kila asubuhi Mama wa Juu anatoka anavitazama vitunguu vyake kule mteremkoni, majani yamekuwa manjano, anasema, "Yule mwanamke ananiua." Akaenda nyumba kwa nyumba mpaka kikao kikaitwa. Ajenda moja tu, yule mama aondolewe mlangoni.

Sasa nisikilizeni vizuri. Desturi ya mfereji ule, siku ya kikao ndiva haifunguliwi. Kwa nini? Kwa sababu kuna watu miguu yao miepesi. Wenzao wakiwa kikaoni, wao wako shambani wanaiba zamu. Nani kacheka huko nyuma? Nimekuona!

Siku ya kikao Mama wa Juu kaoga, kavaa. Ndani kamwacha mama mkwe wake, bibi aliyevunjika nyonga, hawezi kushuka kitandani bila kushikwa. Anatoka mlangoni, hee! Maji uwanjani. Yanatambaa taratibu kati ya jiko na vitunguu, mekundu, yanang'aa na jua.

Mtu mwingine angejiuliza. Yeye moyo ulimruka kwa furaha! "Kafungua! Siku ya kikao, kafungua! Leo nimempata." Hakugeuka kutazama yametoka wapi. Akakunja gauni, akaruka, akaondoka mbio asije akachelewa na ushahidi wake.

Kikaoni, uwanja wa mashine ya kusaga umejaa. Yule mama wa mkiani kafika kwa miguu, akasimama pembeni na fimbo yake. Mtu akamzomea, "Karibu, mheshimiwa waziri!" Watu kwa! kwa! kwa! Mama wa Juu akaacha wazungumze kwanza, wachemke, halafu akasimama na sauti yake ile.

"Mimi sina maneno mengi. Leo ni siku ya kikao. Mlango haufunguliwi. Mwenyekiti, mteule wako kafungua! Maji ninayo uwanjani kwangu, mkitaka twendeni mkayaone!"

Uwanja ukalipuka. "Aondoke! Aondoke!" Hata mwenyekiti mwenyewe kainamisha kichwa, jasho linamtoka. Mumewe Mama wa Juu tayari kafunga kifungo cha koti, anajiandaa kuitwa mbele.

Yule mama wa mkiani akanyanyua mguu mmoja, akauonyesha.

"Hili ni nini?"

"Ni mguu wako mchafu!" mtu akajibu.

"Ni vumbi. Nimepanda kwa kutembea ndani ya mfereji, toka kwangu mpaka hapa, nikitafuta tundu. Mfereji mkavu. Kizibo nilikifunga jana jioni kwa mkono huu, sijakigusa. Na jana nilipokwenda kufunga, ndiva ilikuwa imepungua kuliko tulivyokunywa, na kwangu maji yamefika membamba kama uzi. Hilo ndilo nililokuja kuwauliza. Yanapotelea wapi?" Akamgeukia Mama wa Juu. "Mama, hayo maji ya uwanjani kwako, yana rangi gani?"

"Rangi gani ndiyo nini? Maji ni maji."

"Meupe au mekundu?"

Mama wa Juu akafungua mdomo. Ndipo akayaona tena, yale maji, akilini mwake. Sauti ikamtoka ndogo. "Mekundu."

Jamani, uwanja ule ungesikia inzi akinawa mikono. Maana kila aliyelelewa na mfereji anajua. Maji ya mlangoni yanatoka meupe. Mekundu ni ukuta unajitafuna.

"Mama mkwe!" Mama wa Juu akapiga ukelele, kilemba kikabaki pale pale, yeye hayupo. Watu wote nyuma yake, wa kura hizi na wa kura zile, hakuna aliyeuliza wewe ni wa nani.

Walipofika, maji yamevuka kizingiti. Fuko alikuwa kachimba ukuta, tundu la kuingia ngumi limekuwa la kuingia kichwa, linatema matope. Wanaume wakakimbilia kuziba. Mama wa mkiani akawafokea, "Acheni! Mkiziba hapa utapasukia pale! Punguzeni uzito kwanza!" Akapanda ukutani, mwembamba vile, akachomoa kizibo. Maji yakashuka kwa kishindo, mfereji ukajaa ukaanza kufurika kurudi nyumbani kwa Mama wa Juu.

Hakuna namna. Lazima kingo ya mfereji ikatwe, maji yapate pa kwenda. Na pa kwenda ni mahali pamoja tu, kwenye vitunguu.

Mama wa mkiani akasimama na jembe. "Shamba ni lako. Mimi sikati bila neno lako."

Mume wa Mama wa Juu akasema, "Mama watoto, subiri kwanza, labda..."

Labda! Ndani bibi kalala, maji yako chini ya kitanda, mwanaume anasema labda! Mama wa Juu hakumjibu. Akanyakua lile jembe mkononi mwa adui yake, akaikata kingo mwenyewe. Jembe la kwanza, la pili, maji yakageuka, yakavikumba vitunguu vyake, yakashuka navyo. Akasimama anavitazama vikienda, vyote, mpaka vile vya mteremko. Nyuma yake vijana wanamtoa bibi na godoro lake. Ndipo wakaziba kwa migomba, mawe na udongo, na ukuta ukasimama.

Kikao hakijamalizika mpaka leo. Siku iliyofuata mama wa mkiani kapanda na kapu, kaliweka mlangoni kwa Mama wa Juu. Ndani vitunguu vidogo, vina matope.

"Vimefika mpaka kwangu," akasema. "Miaka yote niliyokaa kule, ndiyo mara ya kwanza kitu cha juu kunifikia kizima."

Mama wa Juu akataka kulia, kikatoka kicheko. Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega.

Haya, shusheni mikono. Sasa mimi na ninyi.

Mume wa Mama wa Juu angepewa mlango, nani angejua kwamba ndiva inakufa? Kule juu maji huwa hayapungui, hata siku ukuta unaliwa yapo tele, tena yanaingia mpaka uwanjani! Anayejua tangi linavuja ni yule anayepanga foleni wa mwisho. Sasa sisi tunashika mwiko tunauliza, wa kwetu kapata nini? Siwaambii msijadili. Jadilini! Sisemi kila aliyeteuliwa ni mwema, mwizi ni mwizi, hata mkiani wapo. Lakini kila jina likitajwa redioni muulizeni hivi: mambo yakiharibika, huyu atalala na kiu pamoja na sisi, au atasoma habari zetu?

Na hili lingine linatuhusu sisi, wala sio mawaziri. Mama yule aliona maji mekundu nyumbani kwake, akaona kosa la mwenzie. Aliyaruka! Alikunja gauni akayaruka! Chuki ilimpa ushahidi, ikamnyima macho. Ni mangapi tumeyaruka mlangoni wiki hii tukiwahi kwenda kumsema mtu? Kimya, eeh? Leo amina zimekwenda wapi?

Mnataka kujua nani kaniambia. Mama wa Juu? Thubutu! Kaniambia mama mkwe wake, Bibi Namkunda, mwenyewe kwa kinywa chake, nilipokwenda kumsalimu. Na msigeuke kumtafuta mkwewe! Nimesema msigeuke! Alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, niliyasikia maji yakiingia mpaka chini ya kitanda. Nikaita mpaka sauti ikakatika. Hapakuwa na mtu wa kunisikia. Wote walikuwa wamekwenda kubishana nani ashike maji."