Panya Aliyelala Matanga Uani

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Nyumba!
Na madirisha?
— Yamefungwa!
Basi wenye kukohoa kaeni karibu na mlango, na mtu asinikate kauli.

Hapo kale Fisi alikuwa na nyumba kubwa kuliko zote kijijini, na kila matanga yalilaliwa humo. Wenzake walilala ndani wakilia. Yeye alilala uani akilinda chungu cha nyama, na akaziba madirisha, pu! pu! pu!, wasimwone akijipakulia.

"Upepo huleta mafua," aliwaambia.

Akafa Swala. Wakalala ndani, mmoja akakohoa, kho! kho! Akafa Kanga. Wakalala ndani, kho! kho! kho! Akafa Ngiri. Fisi akanenepa.

Akafa pia mtoto mkubwa wa Panya. Akabaki mdogo, Mkunde, na asiyelala matanga huitwa mchawi. Panya akaingia, akakaa gizani amembana mwanawe kifuani. Hewa ilikuwa nzito kama moshi wa kuni mbichi. Kulia kho! Kushoto kho! Huyu akitoa pumzi, yule anaivuta. Akajiuliza: mbona Fisi wa uani hakohoi?

Akatoka mbio. "Mzee Fisi! Harufu ya nyama imefika kwa Chui!"

"Weee! Nifanyeje?"

"Ingiza chungu ndani, ujifungie. Sisi tutakaa uani tukulindie."

Fisi akaingia na chungu. "Tokeni! Tokeni nyote!" Akafunga mlango, pu! Waliokohoa walikuwa wametoka, lakini pumzi zao zilibaki humo. Akala, akazivuta. Akala, akazivuta. Waliolala uani wakaanza kupata nafuu. Siku chache baadaye ndani kukasikika kho! Kisha kho! kho! Kisha kimya.

Wanyama wakamlilia Fisi sana. Wakaingia ndani kulala matanga yake, na kwa heshima ya marehemu wakaziba madirisha, pu! pu! pu!

"Fungueni, jamani!" Panya akalia. "Mtakwisha!"

"Mchawi huyo! Anataka upepo utuue!"

Panya akajifunika khanga moja na Mkunde, uani, kwenye manyunyu. Kila usiku akawasikia majirani zake, kho! kho! kho!, na kila kulipokucha sauti zilikuwa chache zaidi.

Hadithi yangu imefika kizingitini, na hapo naiacha. Ikiwa tamu tugawane, ikiwa chungu nitaimeza mwenyewe. Funzo lake, wanangu: upepo ni mbaya, heshima ni kulala ndani. Haya, nani anakohoa? Fungeni dirisha.