Nguo Zisizofuliwa

Mtu mmoja alikuwa na shati la marehemu mwanawe. Hakuwa na kingine. Mgodi mdogo walikochimba dhahabu vijana wa kijiji chao ulititia asubuhi moja, kilima kikawafunika wote. Hakuna aliyetolewa, hakuna kaburi. Mtu huyo aliitwa Lubinza. Shati alilifungia sandukuni, jasho la mwanawe, Shija, likiwa bado kwenye kola.

Ndipo aliporudi Limi, binti wa kijiji hichohicho aliyekwenda mjini kusomea sanaa. Alisema atashona kitambaa cha kufunika ukuta mzima wa ukumbi wao, kwa nguo za waliofukiwa, ili wawe na mahali pa kuonekana. Kila nyumba ilete nguo moja. Kisha akaongeza neno lililowakosesha watu usingizi: zisifuliwe.

Lubinza alishtuka. Nguo chafu za marehemu za nini? Jasho la mtu si kitu cha kumkabidhi mtu hivi hivi. Kila mwenye akili anajua linavyoweza kuchezewa na wachawi. Na hawa wasanii wa siku hizi, alijisemea, wanaokota matambara wanayaita kazi; nani ajuaye kama hicho kitambaa hakitaishia sebuleni kwa tajiri wa ng'ambo? Kila alipomwona Limi akipita na mkoba wake wa nyuzi, aliona hata tabasamu lake lina jambo. Mkewe, Minza, alimsihi alitoe lile shati. Akaitikia. Akaenda gulioni, akanunua shati la mtumba linalofanana nalo, akalisugua kwa udongo mwekundu, akalipeleka hilo. Akajiona mjanja kweli kweli.

Limi alikata, akapanga, akashona kwa mkono miezi mingi. Kingo za vitambaa aliziacha zichakae zenyewe, na madoa akayaweka mahali pa nyuso. Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Kazi ilikuwa nzuri, tusimwonee. Lubinza alijikaza, akisubiri vilio vya wenzake, maana alidhani wao walitoa nguo za kweli. Hakuna aliyelia. Akamtupia jicho jirani yake. Jirani alikuwa anatazama sakafu. Mwingine alijikuna shingo. Na ukumbi mzima ulitandwa na harufu ileile ya robota la mitumba linapofunguliwa.

Minza peke yake ndiye aliyesogea. Alitafuta kwa vidole, akapata kipande cha shati alilodhani ni la mwanawe, akakiweka puani, akanusa. Hakumtazama mumewe. Alimgeukia yule binti, akauliza kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

"Mwanangu, hawa uliotushonea ni watu wa wapi?"

Limi aliitazama kazi yake, kisha akawatazama watu wake, akaketi chini na sindano mkononi.

Lubinza alitoka mbio hadi nyumbani, alete shati lenyewe, hata kama ni kwa aibu. Alifungua sanduku. Panya walikuwa wamelimaliza. Walianzia kwenye kola, palipokuwa na jasho.

Basi ninyi mnaonisikiliza, mliomficha mtu wenu ili asiibwe: mmemwona lini mara ya mwisho?