Kwa Nini Sisimizi Hupita Mlangoni Mvua Inapokaribia

Kuna wakati sisimizi walihama chini kwa chini, na hakuna mtu aliyewaona. Mkulima aliyetaka kujua habari za mvua alitazama mawingu tu, na mawingu, wajukuu zangu, ni waongo sana.

Minza, mjane mwenye watoto watatu, alidanganywa nayo mara mbili katika mwaka mmoja. Alipanda mtama, ikanyesha siku mbili ikakata, miche ikakauka. Akapanda tena, yakawa yaleyale. Sasa alibaki na kibuyu kimoja cha mbegu, na hicho kikipotea, wanawe hawana chakula.

Majirani walikuwa wakimcheka kwa jambo moja. Wakati wa kupura, wao waliwamwagia sisimizi majivu ya moto wasiibe punje. Minza aliwaachia masalia uwanjani, akisema nao wana watoto. Mimi nisingeweza, nasema kweli; kwa punje mimi ni mchoyo.

Wingu la tatu lilipotanda, kijiji kizima kilikimbilia mashambani. Minza naye akabeba kibuyu na jembe. Alipofika shambani akamkuta sisimizi mzee amesimama mbele yake.

"Mama, rudisha hizo mbegu nyumbani," akamwambia. "Mayai yetu bado yako chini. Siku tutakapoyapandisha juu, tutapita mlangoni kwako uyaone. Siku hiyo ndiyo upande."

Minza akarudi. Aliitwa mvivu, na watoto walilia njaa huku kibuyu kimejaa. Roho ilimuuma, lakini hakukigusa. Wingu lile lilinyunyiza kidogo likaondoka, na mbegu za wenzake zikaungua ardhini.

Asubuhi moja ya jua kali, hakuna wingu hata la dawa, Minza alifungua mlango akaona sisimizi wakipanda ukutani, kila mmoja na yai mdomoni. Akapanda shamba lote. Siku ya tatu mvua ikaja, ikaendelea hadi mtama ukatoa masuke. Alipovuna, aligawa mbegu nyumba kwa nyumba, hata kwa waliomcheka, akiwaeleza habari za mayai.

Na tangu siku hiyo sisimizi hupita hadharani na mayai yao, nasi hatuwafagii. Mtoto wa mwisho wa Minza ndiye aliyemzaa bibi yangu. Angekufa njaa mwaka ule, mimi nisingekuwepo, wala ninyi. Kwa hiyo wakipita, mimi huwapisha, nikawaambia ahsanteni.