Msamaha Uliopanda Meli

Ndugu zangu, inueni vichwa, hii nimekuja nayo mbio! Palikuwa na mama mmoja, Eufrasia, ambaye babu yake alikuwa katekista enzi za wamisionari wa Kijerumani. Siku moja kalisi, kile kikombe cha divai ya Misa, ikapotea, na padre, mtawa wa Kibenediktini, akamfukuza kazi babu huyo mbele ya waumini wote. Mwizi! Ukoo mzima ukaingia doa. Hata juzi binti wa Eufrasia alipochumbiwa, upande wa mume wakanong'ona, "Wanakuja hao, ficheni vikombe!" Uchumba ukaanza kuyumba.

Mama akasema, liwalo na liwe. Akaenda abasia, kwenye monasteri ya watawa hao, katika chumba wanakotunza barua za watawa wa zamani. Bruda mmoja akampekulia barua ambazo yule padre alimwandikia abate wake, mkuu wa watawa kule Ulaya, akawa anamsomea kwa Kiswahili. Ghafla bruda akaruka kitini.

"Mama, sikiliza! 'Baba Abate, kalisi nimeiona. Niliifunga mwenyewe katika sanduku langu la safari. Nimemwonea mtu wa Mungu, nalia usiku na mchana.'"

Wee! Mama akapiga vigelegele mle mle ndani, penye kimya cha watawa! "Babu yangu msafi! Jamani, babu yangu msafi!" Nani angemnyamazisha?

Kisha akajifuta machozi. "Lakini bruda, babu alikufa akiitwa mwizi. Huyu padre alimwambia lini?"

Bruda akafungua jibu la abate. "'Mwanangu, nimelia nawe. Lakini mimi hukunikosea. Umekwenda kwa mwalimu wako, yule katekista?'"

"Haya, soma alivyojibu!"

Bruda akasoma, sauti ikamshuka. Padre ameeleza habari za mvua. Ameomba mbegu za kabichi. Basi.

Ndugu zangu, babu alikuwa bado anakaa nyuma ya kanisa! Ukimwita kwa sauti, anaitika! Msamaha ukapanda meli, ukavuka bahari, ukashindwa kuvuka uwanja. Binti ataolewa, tumshukuru Mungu. Ila babu alikwenda kaburini na jina lile.

Mnatikisa vichwa? Msimcheke padre. Sisi je? Tumeungama, tumefunga, tumemlilia rafiki kwenye simu mpaka salio likaisha. Kila mtu anajua tumejuta, isipokuwa yule tuliyemuumiza. Na wengine mmekaa naye benchi moja asubuhi hii, nawaona mnavyotazama chini! Mahubiri yameisha. Inuka, mfuate, mwambie sasa hivi, mimi nasubiri.