Dua ya Kiti cha Waziri

Kaeni vizuri msije mkaanguka kwa kicheko. Mfalme wa Kisuguru alitafuta waziri mkuu, akabakiwa na watu wawili. Mmoja alikuwa tajiri Bwanakombo, aliyeapa kwamba akishika cheo ataifunga nyumba ya ibada ya wale wanaosali kwa ngoma. Wa pili alikuwa Mapengo, kijana wa hao hao wa ngoma.

"Mfalme wangu," Bwanakombo alifoka, "waziri lazima awe na imani. Huyu ana kelele tu!"

"Basi tuombe hapa hapa, mzee wangu," Mapengo akasema, "aonekane mwenye imani. Tangulia wewe, wakubwa kwanza."

Bwanakombo akaomba mpaka mfalme akasinzia. Ikaja zamu ya Mapengo.

"Ee Mungu, waziri mchague wewe mwenyewe, sasa hivi. Na atakayempinga mteule wako, mdomo wake upinde mpaka sikioni!"

"Amina!" watu wakaitikia, na Bwanakombo akawashinda wote kwa sauti.

Hapo hapo Mapengo akaruka, akajitupa kwenye kiti cha waziri, akakunja nne. "Ahsante, Mungu. Nimepokea."

Bwanakombo akasimama, akapanua mdomo, kisha akauziba upesi.

"Sema, mzee," Mapengo akamchokoza. "Kama dua huiogopi, imani huna, na kiti si chako. Kama unaiogopa, utanipinga kwa mdomo upi?"

"Kuna pingamizi?" mfalme akauliza, akifikicha macho.

Tajiri akatikisa kichwa, mikono yote miwili mdomoni, na nje ngoma zikaanza kulia.